Padre Mwekundu na Konserto ya Viola na Udi

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kumsikia Padre Antonio Vivaldi pasipo kulijua jina lake. Muziki wake uitwao Majira Manne hupigwa redioni, hupigwa arusini, hata katika simu mtu anapoambiwa angoje kidogo. Leo hatutasema habari za Majira Manne. Twataka kusema habari za konserto yake nyingine, fupi, isiyotimiza robo saa, ambayo wachache sana waijua, iliyopigwa mjini Venezia usiku wa tarehe 21 Machi 1740. Na kwa kuwa si rahisi kuionja vema konserto ile pasipo kumjua aliyeitunga na mahali alipoitungia, imetupasa kuyasimulia maisha yake.

Tuliisikiliza mara ya kwanza hapa Mgwashi, jioni moja ya mwezi wa Julai, baridi imeshika na ukungu umefunika migomba mpaka mlangoni. Mwalimu wa kwaya alikuwa nayo katika simu yake. Twakiri kwamba mara ya kwanza hatukuisikia sawasawa, maana sauti yake ni ndogo na nje mbwa walikuwa wakibweka. Mara ya pili tulifunga dirisha. Mara ya tatu hakuna aliyesema neno.

Huenda msomaji atauliza konserto ni nini. Ni muziki wa vyombo pasipo maneno, ambamo mpiga mmoja, au wawili au zaidi, hutangulia kama mwimbishaji, na kundi zima humjibu kama waitikiaji. Mtu aliyewahi kusimama katika ngoma ya Mdumange ya Washambaa hahitaji kufundishwa zaidi ya hapo. Kutangulia na kuitikia amekwisha kujua. Hakuibuni Vivaldi peke yake, lakini ndiye aliyeipa umbo lililoigwa na Ulaya nzima: sehemu tatu, ya kwanza ya haraka, ya katikati ya polepole, ya mwisho ya haraka tena.

Alizaliwa Venezia tarehe 4 Machi 1678. Mkunga alimbatiza palepale nyumbani, kwa kuwa mtoto alikuwa katika hatari ya kufa, na ibada zilizosalia zilikamilishwa kanisani tarehe 6 Mei, miezi miwili baadaye. Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa kinyozi aliyeuacha wembe akashika fidla, na mwaka 1685 aliajiriwa kuipiga katika kanisa la Mtakatifu Marko. Nywele nyekundu zilikuwa ni alama ya nyumba ile. Hata katika daftari la waajiriwa baba aliandikwa kwa jina la Mwekundu. Mwana alizirithi nywele, akairithi na fidla.

Alianza njia ya upadre mwaka 1693, akiwa na umri wa miaka 15. Hakukaa seminarini. Alifundishwa na mapadre wa parokia huku akilala kwao, na jambo hilo, ingawa lilikuwa la kawaida siku zile, lilimwachia nafasi ya kujifunza muziki kwa baba yake. Alipewa daraja ya upadre tarehe 23 Machi 1703. Mji ukamwita Padre Mwekundu, na jina hilo limemfuata hata leo.

Hapa twafika penye jambo linalowatatiza wengi, nasi hatutalificha. Padre huyu alisoma Misa kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo tu, halafu akaacha, asisome tena maisha yake yote. Yeye mwenyewe alieleza sababu katika barua ya mwaka 1737: kifua chake kilikuwa kikimbana tangu kuzaliwa, na mara tatu alilazimika kuondoka altareni pasipo kumaliza Misa. Alisema kwamba kwa ajili ya ugonjwa huo hakuweza kutembea kwa miguu, bali alikwenda kwa mashua au kwa gari. Waliokuwa hawampendi walicheka. Waliuliza imekuwaje mtu asiyeweza kusimama altareni nusu saa aweze kusafiri mji hata mji, kukodi nyumba za michezo, kuwafundisha waimbaji na kupiga fidla kwa nguvu za kutisha. Sisi twaona kwamba mtu mwenye pumu aweza kufanya kazi kubwa leo na kesho asiweze kupanda ngazi. Katika milima hii ya baridi wako wengi wanaolijua jambo hilo. Tena hakuuacha upadre wala hakuivua kanzu. Mtunzi wa michezo Goldoni, alipomwendea mwaka 1735 akiwa bado kijana, alimkuta na kitabu chake cha sala mkononi, akawa akisali na kuzungumza biashara kwa zamu, jambo lililomchekesha Goldoni sana.

Mwezi Septemba wa mwaka uleule wa upadrisho wake aliajiriwa kufundisha fidla katika nyumba iitwayo Pietà. Ilikuwa nyumba ya watoto wachanga waliotupwa, iliyoanzishwa katika karne ya 14. Ukutani palikuwa na tundu, na mama aliyekuwa hawezi kumlea mtoto, kwa umaskini au kwa aibu, alimweka pale usiku, akaenda zake. Wengine waliacha nusu ya sarafu au nusu ya picha takatifu, na nusu ya pili wakakaa nayo, ili siku moja warudi waonyeshe kwamba mtoto ni wao. Wachache walirudi. Wavulana walifundishwa kazi za mikono wakatoka. Wasichana walibaki, na wale waliokuwa na kipaji walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, wakawa kwaya na okestra ambayo wafalme walisafiri kuja kuisikia.

Walipiga kanisani, juu, nyuma ya vyuma vilivyosukwa, ili wasionekane. Msikilizaji aliona vivuli tu na labda ua jekundu katika nywele. Hawakuwa na majina ya ukoo, kwa hiyo waliitwa kwa vyombo vyao. Aliyesifiwa kuliko wote ni Anna Maria wa Fidla, aliyeletwa pale mchanga, akaishi pale hata akafa mzee mwaka 1782. Vivaldi alimtungia konserto nyingi. Yasemwa kwamba mbali na fidla alipiga udi, kinanda, mandolini na viola d'amore, chombo tutakachokieleza punde.

Twaomba msomaji atulie kidogo juu ya jambo hili. Sehemu kubwa ya konserto zile, ambazo hesabu yake yakaribia 500, ziliandikwa na padre mgonjwa wa kifua kwa ajili ya vidole vya wasichana wasiojua baba zao. Hakuzirahisisha. Mambo mengine aliyowaandikia yawatoa jasho wapigaji mashuhuri wa leo. Mwalimu anayempa mtoto aliyetupwa kazi ngumu kuliko zote amemheshimu kwa namna ambayo sadaka haiwezi kumheshimu, nasi kwa sababu hiyo twamsamehe Vivaldi mengi.

Maana yako ya kusamehe. Alipenda fedha, alijisifu, na mwaka 1739 mgeni mmoja Mfaransa aliyemtembelea alisimulia kwamba Vivaldi alijigamba kutunga konserto upesi kuliko mwandishi awezavyo kuinakili. Wakubwa wa Pietà walichoka naye mara kwa mara. Mwaka 1709 walipiga kura wakamwondoa. Mwaka 1711 wakamrudisha. Mwaka huohuo 1711 mjini Amsterdam zilichapishwa konserto zake 12 zilizomfanya ajulikane Ulaya yote. Johann Sebastian Bach, Mlutheri wa Ujerumani, alizichukua kadhaa akazigeuza kwa kinanda, na moja iliyokuwa ya fidla nne akaifanya ya vinanda vinne. Ndugu zetu Walutheri wa Bumbuli, wapiga tarumbeta hodari, wamfahamu Bach. Huenda wasijue kwamba alijifunza mengi kwa kunakili kazi ya padre wa Kikatoliki.

Baada ya hapo sifa ilimjia kwa wingi. Alikaa Mantova katika nyumba ya gavana tangu mwaka 1718 hata 1720, akatunga opera nyingi, na mwaka 1725 yakachapishwa yale Majira Manne. Mwaka 1723 alikuwa amepatana na Pietà awape konserto mbili kila mwezi, hata akiwa safarini. Miaka hiyo twaipita upesi, kwa kuwa vitabu vingi vyaisimulia.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1737 alikuwa ameandaa opera katika mji wa Ferrara, ametia sahihi mikataba na fedha zake zimo. Kardinali Ruffo, Askofu Mkuu wa mji ule, alimkataza kuingia, kwa sababu mbili: kwamba ni padre asiyesoma Misa, na kwamba alifuatana na mwimbaji wa kike, Anna Girò. Vivaldi alikana kwamba palikuwa na ubaya wowote. Hatujaona ushahidi wa kumhukumu, wala hatusemi kwamba Askofu hakuwa na haki ya kulinda heshima ya makleri wake. Twasema tu kwamba adhabu ile ilimwangusha mzee wa miaka 59 katika hasara kubwa. Mwaka uliofuata Pietà haikufanya upya mkataba wake. Vijana wa Napoli walikuwa wameleta namna mpya ya kutunga, laini na nyepesi, na watu wa Venezia, waliokuwa wepesi wa kuchoka, walimwona Padre Mwekundu kuwa ni nguo ya mwaka jana.

Ndipo ulipofika mwezi Machi 1740. Alikuja Venezia mwana wa mfalme, Friedrich Christian wa Saxony, kijana Mkatoliki wa miaka 17, aliyezaliwa na miguu mibovu hata ikambidi achukuliwe na kushikwa kila mahali. Mji ukamfanyia sherehe, na Pietà ikamwandalia usiku wa muziki. Kazi kubwa ya usiku ule, ya kuimbwa, alipewa kijana Gennaro D'Alessandro, mkuu mpya wa kwaya, na maneno yakatungwa na yuleyule Goldoni. Vivaldi aliombwa vitu vidogo vya kujazia: sinfonia moja na konserto tatu. Alikuwa na umri wa miaka 62. Alikubali, akaandika, na moja ya zile tatu ndiyo konserto yetu, ya viola d'amore na udi, ambayo katika orodha ya kazi zake imepewa nambari 540.

Sasa tuviangalie vyombo. Viola d'amore, yaani viola ya mapendo, ni nduguye fidla aliye mkubwa zaidi kidogo. Ina nyuzi sita au saba zinazopigwa kwa upinde, na chini yake nyuzi nyingine ambazo upinde hauzigusi kabisa. Nyuzi hizo za chini huvuma zenyewe, kwa kusikia tu jirani zake wa juu wakilia. Kila sauti ya chombo hiki kwa hiyo huacha nyuma yake mnong'ono, kama mtu aliyekwisha sema na bado midomo yake yatikisika. Udi nao hauhitaji kuelezwa kwa watu wa pwani yetu. Udi wa Ulaya ni mtoto wa udi wa Waarabu, hata jina lake katika lugha za kule limetoka hukohuko, nao ulivuka kwa njia ya Hispania karne nyingi kabla ya Vivaldi. Tofauti ni kwamba ule wa Ulaya una vituo vya vidole shingoni, na huu unaopigwa Unguja katika taarabu, kama wapigavyo Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905, hauna. Mwaka 1740 udi ulikuwa umekwisha kuzeeka Italia. Wapigaji walikuwa wachache na watunzi hawakuukumbuka. Mzee aliyechakaa alikichagua chombo kilichochakaa.

Lakini udi una sauti dhaifu, na fidla kumi zikilia pamoja hausikiki. Mtunzi mwingine angeiamuru okestra inyamaze kila udi unapoingia. Vivaldi alifanya jambo la akili zaidi. Aliamuru vyombo vyote vya nyuzi vivalishwe sordino, yaani kibano kidogo kinachokaa juu ya daraja la nyuzi na kuifunika sauti, tangu mwanzo wa konserto hata mwisho. Kwa hiyo hakuna wakati wowote ambapo kundi lapaza sauti. Wote wanong'ona, ili mnyonge mmoja asikiwe. Tulipoambiwa siri hii tuliirudia konserto tukaelewa kwa nini siku ile ya kwanza mbwa wa jirani walitushinda.

Sehemu ya kwanza ina wasiwasi. Yaenda haraka, lakini ni haraka ya mtu atembeaye gizani kwa hadhari, akisita, akigeuka nyuma. Viola yasema, udi wajibu kwa punje ndogondogo za sauti, kila mmoja ikidondoka peke yake. Ya katikati ni ya polepole, na hapo kundi lawaachia wale wawili nafasi. Wazungumza kama wazee wawili waliokaa barazani baada ya chakula: mmoja avuta neno refu, mwingine alivunja vipande vipande akimrudishia. Hakuna huzuni ya kulia humo, wala furaha. Ya mwisho yarudi kwenye mwendo wa haraka, na wala haiishii kwa shangwe, bali kwa ukali uleule mtulivu. Katika Majira Manne Vivaldi atuonyesha mvua, ndege, mbwa na walevi. Hapa hatuonyeshi kitu. Ndiyo sababu, twadhani, konserto hii haikupata wapenzi wengi: haina hadithi ya kumshika msikilizaji mkono, na asiyenyamaza haisikii. Kwa maoni yetu yazipita nyingi zilizo na jina, ijapokuwa twajua kwamba wako watakaotubishia.

Yule mwana wa mfalme aliipenda, maana nakala ya muziki ule ilikwenda naye Dresden na yahifadhiwa mjini humo hata leo. Ilinusurika na mabomu ya Februari 1945 yaliyoteketeza mji. Yeye mwenyewe alitawala Saxony muda wa miezi miwili na nusu tu. Ndui ilimwua Desemba 1763.

Vivaldi aliondoka Venezia mwaka huohuo 1740, baada ya kuiuzia Pietà rundo la konserto. Alikwenda Vienna, akitumaini msaada wa Kaisari Karl wa Sita, aliyempenda tangu zamani. Tarehe 20 Oktoba Kaisari akafa. Vita vikazuka, nyumba za michezo zikafungwa kwa matanga, na mzee akabaki ugenini bila tegemeo. Alikufa tarehe 28 Julai 1741 katika nyumba ya mjane wa mtengeneza matandiko ya farasi, akazikwa siku ileile katika makaburi ya hospitali kwa mazishi ya gharama ndogo. Kaburi lake halipo tena. Mahali pale pamejengwa.

Ikafuata miaka karibu 200 ya kusahauliwa. Bach alipotukuka, wataalamu walimtaja Vivaldi kwa kuwa tu Bach alimnakili. Miswada yake ya mkono ilikuwa wapi? Hapa ndipo mahali tunapowaomba wakuu wa kwaya wasome kwa makini, kwa kuwa tumewahi kuona katika kigango kimoja madaftari ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono wa mwalimu marehemu, nyimbo zisizokuwamo kitabuni popote, yakiwa yameliwa na mchwa nusu nzima, na nusu iliyosalia ikifungiwa karanga.

Katika mwaka 1926 Wasalesiani wa chuo cha Borgo San Martino, kaskazini ya Italia, walitaka fedha za kutengeneza jengo lao, wakaona wauze vitabu vya kale walivyorithi. Waliandikia maktaba ya taifa ya Torino ili vikadiriwe bei. Mkuu wa maktaba, Luigi Torri, alimwita Profesa Alberto Gentili, na Gentili alipofungua masanduku alikuta majalada 14 ya Vivaldi. Maktaba haikuwa na fedha. Iwapo habari zingevuja, wachuuzi wangeyanunua na kuyatawanya. Gentili alimwendea Roberto Foà, mfanyabiashara wa hisa, aliyefiwa na mtoto wake mchanga, naye Foà akayanunua yote mwaka 1927, akaipa maktaba.

Ndipo ikagunduliwa kwamba hesabu za majalada zarukaruka, kama mali ya urithi iliyogawanywa mafungu mawili. Ndivyo ilivyokuwa. Ndugu wa ukoo wa Durazzo walikuwa wamegawana, na fungu la pili lilikuwako Genova, mikononi mwa mzee asiyetaka kusikia habari za kuuza. Ilichukua miaka mitatu kumshawishi. Mwaka 1930 Filippo Giordano, mwenye viwanda vya nguo, alilinunua fungu lile. Naye pia alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo. Juma la Vivaldi lilipofanyika Siena mwaka 1939, na muziki ule kusikika tena mbele ya watu, Gentili aliyeupata hakuwa na sehemu ndani yake, kwa sababu alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilikuwa zimemfukuza katika kazi yake.

Mafungu yale mawili yako Torino pamoja, rafu kwa rafu. Hayakupewa jina la Vivaldi, wala la wanunuzi. La kwanza laitwa Mauro Foà, na la pili Renzo Giordano, majina ya watoto wale wawili.